Gurudumu la Marehemu Thumba

Mtu uliyesimama naye kwenye mwamba mmoja humpandii dau mnadani. Deenan Appalsamy aliishika kanuni hiyo kwa miaka mingi, na aliishika kama alivyozishika nyingine zote, bila kuuliza imetoka wapi na bila kumruhusu mtu aichezee. Samaki aliyepungua kipimo alimrudisha majini. Msimu wa kuvua samaki aitwaye shadi ulipofungwa, hakuligusa sanduku lake la ndoana hata kwa kulipangusa vumbi. Na tangu alipoanza kununua zana za uvuvi kwenye minada ya mtandaoni, aliongeza kanuni ya pili: ukishinda mnada unalipa siku hiyo hiyo, hata kama mke amenuna.

Ile ya dau ilikuwa na chanzo chake. Zamani Deenan na jirani yake, Lutchman Maistry, waligombea ufito mmoja wa kuvulia bila kujuana. Mnadani watu hujificha nyuma ya majina ya kubuni, kwa hiyo kila mmoja aliona tu mpuuzi fulani asiyetaka kukata tamaa. Bei ikapaa. Jumamosi yake, wakiwa kwenye pikapu ya Lutchman kuelekea Isipingo, kusini mwa Durban, Lutchman akajisifu kwamba amemshinda mpuuzi huyo, na Deenan akamwuliza ni ufito gani. Walifika baharini kila mtu na hasara yake.

Hapo ndipo Lutchman alipounda kundi la simu la wavuvi wa miambani, kuanzia Clairwood mpaka Amanzimtoti. Ukiona kitu mnadani unakiweka kwenye kundi, unaandika "yangu", na wengine wote wanaondoa mikono. Deenan aliipenda. Alifanya kazi ya ufundi mitambo kiwandani na alijua kwamba mahali pasipo na utaratibu watu hukatwa vidole. Kwake yeye kundi lilikuwa heshima: leo namwachia fulani, kesho fulani ataniachia mimi. Hakuwahi kujiuliza ni nani aliyekuwa akiilipia heshima hiyo.

Kitu kilichotafutwa kuliko vyote kilikuwa Skaboro ya mbao, yaani gurudumu la kuzungushia mshipi, pana kama sahani ya kulia, lisilo na meno wala breki. Ukirusha chambo unalizuia kwa kidole gumba, na ukikosea linakuchuna ngozi. Vijana siku hizi wanavulia vidude vya chuma vinavyong'aa. Mafundi wa Durban waliokereza magurudumu ya mbao wengi wamekwisha kufa, na yaliyobaki hununuliwa na watu wa mbali wanaoyatundika ukutani.

Mwamba wao ulikuwa pale Isipingo, nao waliuita Meza. Mezani huvui peke yako. Mwamba uko juu sana ya maji, na shadi akinaswa hawezi kuvutwa mpaka juu, mshipi utakatika. Lazima mtu mwingine ashuke kwenye kidato cha chini kati ya wimbi na wimbi, akiwa na upembo, fimbo yenye kulabu, amwopoe. Walikuwa wanne. Lutchman alikuwa na gari, Ganas Perumal alikuwa na maneno, Deenan alitengeneza chochote kilichoharibika, na Thumba Veerasamy alishika upembo. Thumba hakuwa mwepesi wala kijana, lakini aliyasoma mawimbi kama mtu anavyomsoma mkewe.

Thumba alifariki wakati wa joto. Moyo ulimsimama akiwa kwenye foleni ya benki. Majira ya baridi yalipokuja, na shadi wakiwafuata sardini, Lutchman ndiye aliyeushika upembo.

Ni majira hayo hayo ambapo Lutchman aliweka picha kwenye kundi, na chini yake neno moja: "Yangu."

Deenan aliifungua wakati wa chai kiwandani. Skaboro ya mbao nyekundu, nzuri, bila ufa. Aliikuza picha kama alivyozoea, kwanza mhimili, kisha misumari, kisha mkono wa kuzungushia. Alipofika kwenye mkono akaiweka chai chini.

Mkono ule haukuwa wa gurudumu lile. Ulikuwa mti mweusi uliolainika, wenye rangi ya samli iliyoingia ndani kwa miaka. Deenan aliujua kwa sababu yeye ndiye aliyeukereza. Mkono wa awali ulivunjika siku moja kabla ya sikukuu, na Thumba, kwa haraka ya kwenda baharini, alichukua mti wa mkewe wa kusukumia chapati, akaukata kipande, akamletea Deenan autie kwenye mashine. Ambigay, mkewe, alisukuma chapati za sikukuu ile kwa chupa ya siki, na hakuzungumza na mume wala na Deenan mpaka chupa ilipovunjika.

Kwa hiyo muuzaji alikuwa Ambigay. Jina la mnadani halikusema hivyo, lakini mti ulisema. Deenan akasoma maelezo yaliyoandikwa chini ya picha, na huko akakuta sharti: mnunuzi aje kuchukua mwenyewe, halitumwi.

Alilisoma tena. Kama halitumwi, mtu wa Cape hawezi kulinunua, wala wa Johannesburg. Waliobaki ni wavuvi wa karibu, na wavuvi wa karibu wote wamo kwenye kundi, na kundi limeshaambiwa ni la Lutchman. Dau lilikuwa moja tu, dogo, bei ambayo mtu hanunulii hata sufuria ya maana.

Jioni alikwenda kwa Ambigay kabla hajafika kwake. Alimwita akka, dada mkubwa, kama alivyomwita tangu Thumba alipomwoa. Alimkuta jikoni akipiga goti mbele ya jiko lenye tanuri lililokufa, akisukuma chapati juu ya ubao na kuzikaanga mojamoja kwenye jiko dogo la gesi la kambini. Ambigay aliuza chapati na vitafunwa kwa majirani, na siku za harusi alipata oda kubwa. Oda hizo sasa alizikataa, kwa sababu jiko la kambini haliwezi. Alisema hivyo bila kulalamika. Gurudumu likiuzwa atanunua jiko jipya, lenye pleti sita za kupikia, na atapokea tena oda.

Deenan akamwuliza kwa nini aliandika kwamba halitumwi.

"Lutchman ndiye aliyeniwekea kwenye mtandao," Ambigay alisema. "Aliniambia mbao za zamani hazivumilii posta. Likifika vipande nitadaiwa."

"Badilisha, akka. Andika linatumwa."

"Nilijaribu kubadilisha picha jana, ikakataa. Wanasema dau likishawekwa, hugusi tena." Alimtazama. "Kwani bei yake ni ngapi hasa?"

Deenan akamwambia bei aliyoiona magurudumu kama lile yakinunuliwa kwenye minada ya wazi. Ambigay akaacha kusukuma.

Akataka kumwambia atamwongezea tofauti kutoka mfukoni, lakini mama yule alimwahi. "Na wewe usinipe sadaka, Deenan. Nikitaka sadaka njia ya hekaluni naijua."

Alirudi nyumbani akiwa amekwisha kuamua. Si kwamba hakuogopa. Alijua wazi alichokuwa anakiweka hatarini: gari la Jumamosi, mwamba, na watu watatu aliozeeka nao, ambao mmoja alikuwa amekwisha kufa. Lakini kuna mambo ambayo mtu akishayaona hawezi tena kusema hakuyaona, na Deenan hakuwa mtu wa kujifanya haoni.

Jumamosi alikwenda Mezani kama kawaida. Walivua vizuri, Lutchman aliopoa mara mbili samaki wa Deenan, na mara ya pili wimbi lilimlowesha mpaka kiunoni. Deenan aliona vigumu kumshtaki mtu aliyelowa kwa ajili yake, akangoja mpaka walipokuwa garini wakirudi, ndoo ya shadi nyuma na Ganas katikati akila samosa. Kisha akasema alichokijua, chote, kwa mpangilio.

Lutchman hakukana. Alisema hakuna aliyeibiwa. Gurudumu lingekwenda kwa tajiri ambaye angelitundika juu ya televisheni, na Thumba angelia huko aliko. Yeye angelitia majini kila Jumamosi. Na Ambigay hakuwa ametupwa. Ni nani aliyempelekea shadi tangu msiba? Ni nani aliyemzibia bati la gereji bila kuchukua hata randi moja?

Yote yalikuwa kweli, na Deenan alimkubalia.

"Lakini ni wewe uliyemwambia asilitume, anna," alisema, akimwita kaka mkubwa hata hapo.

"Lingevunjika."

"Tumetumiwa vitu vingapi kwa posta, mimi na wewe? Kipi kilivunjika?"

"Moyo wangu," Ganas alisema, "siku ile viatu vyangu vya mwambani vilipofika vyote vya kushoto."

Lutchman akapunguza mwendo.

"Unalitaka wewe," alisema. "Sema tu. Sema, Lutchman, nalitaka, na naliachia sasa hivi, bei hiyo hiyo. Lakini usiniletee mambo ya hekaluni ndani ya gari langu."

Na hapo ndipo palipokuwa pagumu, maana Deenan alilitaka. Alikuwa amelitaka tangu siku alipolifungia mkono. Angeweza kusema neno moja, akalipata, kundi likabaki kundi na mwamba ukabaki mwamba.

"Nikilichukua kwa bei hiyo nitakuwa nimefanya ulichofanya wewe," alisema. "Kesho nitapanda dau mpaka bei yake ya haki. Nakwambia leo usije ukasema nilikuvizia."

"Basi na Jumamosi ijayo utafute wa kukubeba."

Mnada ulikuwa ufungwe Jumapili baada ya chakula cha mchana. Sulochana, mke wa Deenan, alikuwa amepika mchuzi wa samaki wenye ukwaju, akaona mumewe ameweka simu kando ya sahani kama mgonjwa anayengoja dawa. Alipoelezwa, aliuliza swali moja tu, kama pesa hizo zilikuwepo. Zilikuwepo. Zilikuwa za kubadilisha vigae vya bafuni. Sulochana akasema vigae vimengoja miaka yote hii, na akamwongezea mchuzi.

Deenan akaweka dau. Haikupita muda simu ikalia. Alikuwa Ganas.

"Anna, kidole kimeteleza? Waandikie wenye mnada upesi, huwa wanafuta."

"Hakijateleza."

"Basi umeteleza wewe," Ganas alisema kwa upole, akakata simu.

Lutchman akapanda dau. Deenan akamzidi. Lutchman akapanda tena, Deenan naye, na kila dau jipya liliongeza dakika kwenye saa ya mnada. Wengine kwenye kundi hawakugusa. Walikuwa wanatazama, Deenan alijua, kama watu wanavyotazama wanaume wawili wakisukumana kwenye sherehe ya mtu. Bei ikapita sufuria, ikapita kikaango, ikaanza kukaribia nusu ya jiko. Deenan alikuwa tayari kwenda mbali zaidi ya hapo.

Kisha Lutchman akaacha.

Deenan alingoja. Saa ikashuka. Hilo hakuwa amelitazamia. Katika hesabu zake zote Lutchman alikuwa mtu asiyejua kuacha. Kwenye kundi ukaingia ujumbe wa Lutchman: "Amelipata kwa nusu bei. Sasa mnajua kanuni ilivunjwa kwa ajili ya nini." Mtu hawezi kujipandia dau mwenyewe. Saa ikafika mwisho, na mnada ukamtumia Deenan pongezi.

"Umelipata?" Sulochana aliuliza.

"Nimelipata."

"Mbona umekaa kama umefiwa?"

Alimweleza. Kumpiku Lutchman kulikuwa kumemletea Ambigay nusu ya haki, na nusu nyingine ilikuwa imeangukia mikononi mwa Deenan mwenyewe. Sulochana alitoa vyombo, akarudi, akamwambia apeleke pesa kamili na kumlazimisha yule mama azipokee. Deenan akatikisa kichwa. Ambigay angehesabu mbele yake na kumrudishia chenji.

Jumatatu baada ya kazi alikwenda. Ambigay alikuwa amelipaka gurudumu mafuta, akalifunga kwa kipande cha sari ya zamani. Alifurahi kwamba mshindi alikuwa yeye. Alisema nusu ya jiko si haba, atatafuta la pleti nne, lililotumika. Deenan alilifungua. Alilizungusha kwa kidole, nalo likazunguka muda mrefu bila sauti, na kiganja chake kikaujua ule mti mara moja.

Akalifunga tena kwenye sari, akalisukuma upande wa Ambigay.

"Silipi," alisema. "Akka, ingia mnadani uandike kwamba mnunuzi amekataa kulipa. Wakishaandika hivyo unaruhusiwa kuliuza upya, kwa masharti mapya. Utaandika linatumwa popote. Sanduku la kulisafirishia nitalitengeneza mimi."

"Lakini wewe si unazo pesa?"

"Ninazo."

"Sasa nikuandike wewe mwongo, nawe si mwongo?"

"Andika kilichotokea. Nilishinda, sikulipa. Huo si uongo."

Ambigay hakulipenda jambo hilo. Alisema hajawahi kumwandika mtu vibaya popote, hata mwenye duka aliyemuuzia unga wenye wadudu. Akataka kujua kwanza ni kwa nini watu wa karibu hawakupanda dau, wote wale waliokuja msibani na kulisifu gurudumu likiwa mezani. Deenan angeweza kuzungukazunguka. Alimweleza habari ya kundi, na neno "yangu", na jinsi wengine wanavyoondoa mikono.

Mama yule alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kitu ambacho Deenan hakuwa amejiandaa nacho.

"Na Thumba alikuwemo?"

"Alikuwemo."

Ambigay aligeuza shingo kuelekea mlango wa gereji, kulikokuwa na fito, masanduku ya mumewe na machubwi yake ya kuzamishia mshipi. "Vile vyote vilinunuliwa hivyo?"

"Vingi, akka. Na vyangu."

"Kutoka kwa wajane?"

Deenan alijaribu kukumbuka wauzaji wake. Alikumbuka nyuzi, ndoana, mafuta ya kulainishia. Alikumbuka ufa mdogo kwenye gurudumu alilolinunua Umzinto. Sura ya muuzaji hata mmoja hakuikumbuka. Vitu vizuri vya kale huuzwa na nani, kama si na mtu aliyefiwa na mwenye vitu hivyo?

"Sijui," alisema. "Sikuwahi kuuliza."

Ambigay alipangusa unga mikononi, akaichukua simu yake.

"Nionyeshe," alisema, "pa kukuandikia."

Sanduku alilitengeneza kwa mbao za msonobari, ndani akaweka sponji aliyoikata kwa umbo la gurudumu, na akalikalia yeye mwenyewe kuona kama linahimili. Mnada wa pili ulipofunguliwa, watu ambao hakuna aliyewajua walianza kupandiana dau tangu siku ya kwanza, na lilichukuliwa na mtu wa Mossel Bay kwa bei iliyozidi ile ambayo Deenan alimtajia Ambigay jikoni. Lilifika zima. Mnunuzi aliandika akiuliza ule mkono mweusi ni mti gani. Ambigay alimjibu ukweli.

Jiko lake ni la pleti sita. Oda za harusi zimerudi, na Sulochana anasema ukipita barabara yao asubuhi ya Jumamosi harufu inakufuata mpaka kona. Deenan huwa hapiti Jumamosi asubuhi. Saa hizo yuko mlangoni mwa mto Isipingo, kwenye mchanga, mahali ambapo mtu anaweza kumkokota samaki mwenyewe bila msaada wa yeyote. Shadi wa hapo ni wadogo, na wengi anawarudisha. Kutoka pale anaiona Meza, na watu wawili juu yake. Siku moja mmoja wao, pengine Ganas, aliinua mkono, au pengine alikuwa anarusha mshipi tu.

Ilimgharimu jina lake mnadani, ambalo lilifungwa na halijafunguliwa. Ilimgharimu gurudumu alilolitaka kuliko kitu kingine chochote alichowahi kukiona likiuzwa. Na ilimgharimu mwamba, kwa sababu hakuna tena mtu wa kumshukia na upembo.